Maelekezo ya Wageni wa Warsha: Singida Iandikiwe Karatasi Yake

Katika kila warsha ya kimataifa ipo karatasi moja ambayo wataalamu huiona ndogo mno kwa hadhi yao. Ni ile ya kurasa mbili au tatu yenye maelekezo ya safari na malazi: mgeni ashukie wapi, apande chombo gani, alale wapi, anywe nini na avae nini. Mada za warsha huandikwa kwa miezi na kusahihishwa mara tatu. Karatasi hii huandikwa kwa siku moja. Aghalabu kazi huachiwa karani ambaye hakupewa muda wala nauli ya kwenda kuona, naye hulazimika kunakili karatasi ya mkutano uliopita, uliofanyika Arusha au Dar es Salaam, na kubadilisha jina la mji.

Naandika makala haya kutetea rai moja: kwamba karatasi hiyo ni andiko la kisayansi kama yalivyo maandiko mengine ya warsha, kwa kuwa imejaa madai yanayoweza kupimwa, na kwamba mkoa kama Singida hautapata nafasi yake katika mikutano ya wataalamu mpaka uandikiwe karatasi yake wenyewe, iliyo ya kweli.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mkutano wa kimataifa upelekwe Singida, ilhali Arusha ina Kituo cha Mikutano ya Kimataifa tangu mwaka 1978, na Dar es Salaam ina kituo chenye jina la Mwalimu Nyerere kilichofunguliwa mwaka 2013. Swali hilo ni la haki. Mkutano wa watu mia tano hauna budi kwenda penye kumbi na vitanda vya kutosha. Lakini warsha ya watu thelathini au arobaini ni jambo jingine. Watu hao hukutana ili watazame kitu na kukijadili. Na iwapo kitu chenyewe ni kilimo cha nchi kavu, zao la alizeti, ufugaji wa nyuki, nguvu ya upepo, ndege wa maziwa ya chumvi au maji ya visima, basi kitu hicho kipo Singida. Mji wenyewe umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, miongoni mwa majabali makubwa ya matale. Kusini, katika wilaya ya Manyoni na pande za Itigi, kuna uoto wa vichaka vizito ambao wataalamu wa mimea duniani wameupa jina la mji huo wa Itigi.

Warsha ya aina hii ikivurugika, chanzo mara nyingi hakimo katika mada. Ni mgeni aliyekosa basi, mwingine aliyeumwa tumbo, wa tatu aliyefika akakuta mashamba yamekwisha kuvunwa. Hapo ndipo husemwa kwamba Singida haifai kwa mikutano, na mwaka unaofuata kilimo cha nchi kavu hujadiliwa tena katika ukumbi wenye kiyoyozi, mbali na shamba.

Njia ya kufikia

Karatasi ya kunakiliwa husema kwamba washiriki watapokewa uwanja wa ndege. Lakini mgeni wa Singida hufika kwa barabara, na yafaa aambiwe hivyo waziwazi kabla hajakata tiketi. Toka Dar es Salaam ni karibu kilomita 700, ambazo kwa basi ni safari ya siku nzima. Tangu mwaka 2024 ipo njia iliyo nyepesi zaidi: treni ya umeme ya reli mpya humfikisha abiria Dodoma kwa muda wa karibu saa nne, na toka Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240 za lami. Hata hivyo karatasi isiishie hapo. Imweleze mgeni kwamba stesheni ya treni na kituo cha mabasi cha Dodoma haviko mahali pamoja, na kwamba anayefika kwa treni ya jioni ni heri alale Dodoma, akaendelea na safari asubuhi.

Mgeni mwenye kutazama atafaidi njia hii. Barabara huvuka tambarare ya Bahi palimwapo mpunga, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Manyoni. Katika kilomita chache huona kwa macho yake jambo ambalo wanafunzi wa jiolojia huchorewa ubaoni. Mstari mmoja tu katika karatasi watosha kumfanya akae dirishani badala ya kusinzia.

Anayetua Kilimanjaro hupitia Arusha, Babati na Katesh, na toka Arusha husafiri zaidi ya kilomita 300. Wakati wa kiangazi njia hiyo haina shida. Wakati wa mvua yataka uangalifu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka toka Mlima Hanang, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Sikumbushi maafa hayo kwa nia ya kumtisha mgeni. Nasema tu kwamba mwandaaji anayewaita watu mwezi wa Desemba hana budi kuwa na njia ya pili mkononi, na namba ya simu ya mtu atakayejua kama ya kwanza imefungwa.

Saa ya jua na saa ya tiketi

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa waandaaji wa semina ndogo mjini Singida. Mgeni wetu toka Ulaya aliandikiwa na sisi wenyewe kwamba basi lake la kurudi lingeondoka saa 12:00. Akafika kituoni adhuhuri, tiketi mkononi, amekwisha kuaga kila mtu. Basi lilikuwa limeondoka tangu alfajiri. Kosa lilikuwa letu, maana tulimpa saa ya Kiswahili bila kumwambia kwamba ni ya Kiswahili. Tangu siku hiyo naamini kwamba kila wakati unaotajwa katika karatasi ya wageni uandikwe mara mbili, kwa hesabu yetu na kwa hesabu yao, hata kama jambo hilo laonekana la kitoto.

Hapa pia pana sayansi ambayo mgeni angefurahi kuijua. Hesabu yetu ya saa huanzia macheo na machweo, nayo yafaa katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana. Singida ipo karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta; tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka ni zaidi kidogo ya nusu saa tu. Lakini saa ya ukutani ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Singida ipo kwenye nyuzi 34 na dakika 45. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4. Zidisha, nawe utaona kwamba jua la Singida huchelewa kwa wastani wa dakika 41 nyuma ya saa ya ukutani. Ndiyo sababu basi la saa 12 kamili asubuhi huondoka kabla jua halijachomoza, katika mwezi wowote wa mwaka. Mgeni aliyeelezwa hayo hulala mapema, huweka tochi karibu, na hashangai.

Mwezi wa kukutana

Jambo la tatu ni majira, na hapa lawama yawaangukia wataalamu zaidi kuliko makarani. Mvua ya Singida hunyesha msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Alizeti hupandwa mvua zikiisha kukolea, huchanua kuelekea mwisho wa masika, na huvunwa tangu Mei. Sasa tazama tarehe za warsha zetu. Nyingi hupangwa Julai na Agosti, kwa sababu ndiyo likizo ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Mtaalamu wa magonjwa ya alizeti huletwa toka mbali, akapelekwa shambani, akaonyeshwa mabua. Kisha hurudi ukumbini kutazama picha za maua.

Sisemi kwamba warsha zote zifanywe wakati wa mvua. Wakati huo baadhi ya barabara za vumbi huwa tope, na mwandaaji apime. Nasema tu kwamba mwezi uchaguliwe kwa kutazama kinachochunguzwa, na karatasi imweleze mgeni sababu. Iwapo ni Julai, aambiwe kwamba mji umeinuka kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwamba usiku una baridi ya kutaka sweta, na kwamba upepo wa kiangazi hubeba vumbi lisilopatana na kamera wala na macho ya mwenye kuvaa lenzi. Karatasi nyingi humwambia kila mgeni wa Afrika alete nguo nyepesi. Kule Singida, Julai, ushauri huo humfanya mtu atetemeke mezani wakati wa chakula cha usiku.

Maji

Nafika sasa kwenye jambo zito kuliko yote. Kila karatasi husema: kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa. Kwa vijidudu vya maradhi ushauri huo ni sahihi. Kule Singida, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 kwa sababu ya mwinuko, kuchemsha bado kwatosha kuua vijidudu hivyo.

Lakini Singida ni miongoni mwa mikoa yetu ambayo maji ya ardhini katika sehemu kadhaa yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hutoka katika miamba, na maji yaliyokaa ndani ya miamba kwa muda mrefu, katika nchi yenye mvua haba na jua kali, huyakusanya. Kuchemsha hakuyaondoi. Tena, kwa kuwa sehemu ya maji huruka kama mvuke na floraidi hubaki sufuriani, maji yaliyochemshwa sana huwa na floraidi nyingi zaidi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa miaka mingi, ilivumilia hadi miligramu 8, na baadaye 4, kwa kuwa katika vijiji vingi hapakuwa na maji mengine. Na hali hutofautiana kisima kwa kisima: hiki ni salama, na kile cha jirani sicho.

Kwa mgeni wa siku tano jambo hili halina madhara; angekunywa maji ya kisima chochote kati ya hivyo, meno yake yasingebadilika. Meno huharibika rangi na uimara yanapojengwa, yaani utotoni, kwa mtu anywaye maji hayo mwaka baada ya mwaka. Na kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa muda mrefu, hata mifupa hudhurika. Kwa hiyo mtu anayekingwa na chupa ya maji katika ukumbi wa warsha ndiye asiyehitaji kinga hiyo ya floraidi. Anayeihitaji ni mtoto wa mama anayeziweka zile chupa mezani.

Karatasi inayomwambia mgeni asinywe maji, bila kumwambia yana nini, imemficha habari iliyo kubwa kuliko nyingi zitakazosomwa katika mada. Rai yangu ni kwamba kila warsha itakayofanyika mkoani humo ipime maji ya mahali itakapokaa, iandike matokeo katika karatasi ya wageni, na iyaache matokeo hayo kwa wenyeji, yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya mikoba yenye nembo ambayo kila mshiriki hupewa na wengi huiacha hotelini. Na iwapo maji yameonekana mabaya, wageni thelathini wenye elimu ya kemia, udongo na afya watakuwa wamepata la kujadili: uvunaji wa maji ya mvua, ambayo hayana shida hiyo, au vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo nchi hii imekuwa ikivijaribu kwa miaka.

Malazi na chakula

Kuhusu malazi, kanuni yangu ni fupi: mwandaaji asimwandikie mgeni chumba ambacho yeye mwenyewe hajalala. Mjini Singida zipo hoteli na nyumba za wageni za bei mbalimbali, na nyingi ni safi. Usiku mmoja wamtosha mwandaaji kujua yasiyoandikwa katika bei: kama maji ya bomba hutoka alfajiri au hubidi ndoo, kama chandarua kina matundu, kama muziki wa baa ya jirani hunyamaza kabla ya usiku wa manane, kama umeme ukikatika lipo jenereta. Mgeni akiambiwa mapema kwamba ataoga kwa ndoo, huoga kwa ndoo na kucheka. Akiahidiwa maji ya moto na kuyakosa, huandika barua.

Tena yafaa tukumbuke hesabu hii. Watu 40 kwa siku tano ni vitanda 200 na milo ya mchana 200. Fedha hiyo yaweza kubaki mjini au kuondoka na gari lililoileta. Nimewahi kula, katika semina iliyokuwa ikijadili kuku wa kienyeji, soseji za barafu zilizosafirishwa toka Dar es Salaam, wakati kuku wa Singida walikuwa wakipakiwa mabasini kwenda huko huko. Mgeni aandaliwe kuku huyo, ugali wa mtama au wa uwele, mlenda, na asali. Vyote vikaangwe au vipikwe kwa mafuta ya alizeti pale panapohitaji mafuta. Aelezwe vilivyo, naye achague.

Adabu na vibali

Mgeni afundishwe pia mambo machache ya adabu: kuanza na salamu kabla ya shida, kumwambia mzee shikamoo, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Hapa nina neno na waandaaji. Baadhi ya ratiba za mikutano ya kanda hii huweka, siku ya mwisho, matembezi ya kwenda kuwatazama Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi wilaya ya Mkalama, upande wa bonde la Ziwa Eyasi. Watu hawawekwi katika ratiba kama maporomoko ya maji. Kama wao wenyewe wameshauriwa, wamekubali, na wana faida ya haki, ni vyema. Kama sivyo, ratiba na imalizike siku moja mapema.

Mwisho ni vibali, ambavyo karatasi nyingi huviweka katika sentensi moja isemayo kwamba mgeni apate viza. Viza ya kuja kukutana haimpi mtu ruhusa ya kufanya utafiti. Anayetaka kubaki wiki moja zaidi ili akusanye takwimu au sampuli hana budi kwanza kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Na mbegu au mmea hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Anayetoka au kupitia nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya, Uganda au Ethiopia, aulize juu ya cheti cha chanjo kabla ya kufunga safari. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, basi asiilete. Na tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo aje na dola zake, lakini azibadilishe benki kabla ya kulipa chumba.

Kazi ya waandaaji

Naomba basi mambo matatu kwa taasisi zetu. Kwanza, atakayeandika karatasi ya wageni apewe nauli na siku tatu, aipite njia katika mwezi ule ule wa mkutano, alale na kula huko. Pili, jina lake liandikwe chini ya karatasi, kama lilivyo jina la mwandishi wa mada, ili asifiwe kwa iliyo njema na aulizwe kwa iliyo mbaya. Tatu, siku ya mwisho wa warsha wageni warudishiwe karatasi hiyo waisahihishe, na nakala iliyosahihishwa ihifadhiwe mkoani, isipelekwe Dar es Salaam ikapotea kabatini. Baada ya warsha tano, Singida itakuwa na mwongozo ambao hakuna karani atakayehitaji kuunakili toka Arusha.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumezoea kuusoma msemo huo kwa upande wa karamu, kwamba siku ya mgeni ndiyo siku ya kuchinja. Katika sayansi tuusome kwa maana yake iliyo wazi zaidi. Mgeni akija Singida, akala vizuri, akalala vizuri na kurudi kwao salama, ni jambo jema. Lakini kama maji ya kisima kilicho nyuma ya ukumbi hayakupimwa, mwenyeji hajapona.